Bomba la Zamani na Salongo Mpya



Kuna neno linatembea sana kwa mainjeniya siku hizi: kushirikiana. Ukisoma namna miji ya wenzetu inafufua mabomba makubwa ya maji machafu yaliyozeeka, unalikuta kila mahali. Zamani mwenye bomba, yaani mji au kampuni ya maji, alimwita injeniya achore. Mchoro ukiisha, akatafutwa mjenzi wa bei ya chini, akapewa karatasi na kuambiwa aende chini ya barabara. Sasa wanasema hapana: mwenye bomba, mchoraji na mjenzi wakae meza moja tangu siku ya kwanza, wachunguze pamoja, wachore pamoja, na bei ipangwe hatua kwa hatua, hesabu zikiwa wazi. Siku moja neno hili litashuka Bukavu ndani ya jipu ya projeti fulani. Mimi naona afadhali tulichambue sasa, kabla halijaandikwa kwenye bango.

Kwanza tulipe haki yake. Bomba kubwa la saruji halifi vile watu wanavyofikiri. Wengi wanadhani linaliwa chini, pale maji yanapopita. Kumbe linaoza kwenye paa. Maji machafu yakikosa hewa yanatoa gesi, ile yenye harufu ya yai bovu. Gesi inapanda, inakutana na unyevu wa juu, na vijidudu vinaigeuza kuwa asidi ya sulfuriki. Asidi inakula saruji pole pole mpaka inafikia vyuma vya ndani. Mtu akifungua kifuniko na kuchungulia, anaona maji yanapita vizuri, anafunga, anaenda zake. Kisha siku moja barabara inazama na lori juu yake.

Kwa hiyo mchoro wa bomba la zamani uliofanywa ofisini ni kubahatisha tu. Mjenzi akiingia na kukuta paa limeliwa kuliko karatasi ilivyosema, anaomba nyongeza. Mwenye bomba anakataa. Wanaitana kwa mawakili, na bomba linaendelea kuoza. Tena dawa ni nyingi. Tangu 1971, huko London, injeniya Eric Wood alipoingiza kitambaa kilicholoweshwa resini ndani ya bomba bovu na kukiacha kigande, inawezekana kupata bomba jipya ndani ya lile la zamani bila kupasua barabara. Pengine hiyo inatosha. Pengine unasukuma bomba dogo ndani ya kubwa. Pengine hakuna namna, lazima uchimbe. Mtu anayejua kuchagua ni yule aliyeshafanya hiyo kazi kwa mikono yake, na kama anaitwa baada ya mchoro kuisha, anaitwa amechelewa. Hapo sina ubishi na mainjeniya.

Ubishi wangu ni juu ya meza yenyewe. Ina viti vitatu: mwenye bomba, mchoraji, mjenzi. Kwa mji ambao barabara iko wazi na vifuniko viko katikati ya barabara, viti vitatu pengine vinatosha. Kwa Bukavu havitoshi hata kidogo.

Tuangalie mji wetu. Wabelgiji waliijenga Costermansville kwa watu wachache. Ibanda, kwenye zile rasi zinazoingia ziwani, ilikuwa ya Wazungu; Kadutu na Bagira zilikuwa za wafanyakazi Waafrika. Mifereji ilifuata mgawanyo huo, na mwisho wake ulikuwa ziwa. Leo mji umepita watu milioni moja juu ya milima ileile. Shuka kutoka Kadutu ukifuata mto Kawa: nyumba juu ya nyumba, vyoo vinavyomwaga moja kwa moja mtoni, kanivo zimejaa chupa na sashe, kuta zimesimama juu ya mifereji ya zamani. Mto wenyewe njo umekuwa bomba kubwa la mji, bomba lisilo na paa. Mvua ikinyesha linafurika ndani ya nyumba, jua likiwaka linanuka.

Sasa mlete hapo injeniya na resini yake. Swali la kwanza halitakuwa asidi wala saruji. Litakuwa: nyumba ya nani iko juu? Nani atamwambia yule mama abomoe jiko lake ili watu wapite, na atamlipa nini, na kwa karatasi gani, maana karatasi ya kiwanja alipewa na otorite ileile inayomwambia leo kwamba amejenga vibaya? Na ni nani anajua mfereji unapita wapi hasa? Ni fundi mzee aliyeweka matofali ya kwanza pale, ni vijana wa avenu wanaoingia kuzibua kila baada ya mvua kubwa, ni shefu wa nyumba kumi anayejua ugomvi wa kila ukuta. Hao ndio wanashika habari ambayo mjenzi wa Ulaya anaitafuta kwa kamera. Kiti cha nne ni chao. Bila hicho kiti, kushirikiana ni mapatano ya wakubwa watatu tu.

Mtu ataniambia: lakini watu wetu wanashirikishwa, tuko na salongo! Hapo njo penyewe pananiuma. Salongo ilikuja wakati wa Mobutu, kazi ya pamoja ya kusafisha mji, na mpaka leo shefu wa karti akisema Jumamosi asubuhi ni salongo, watu wanatoka na machepe. Wanazibua kanivo, matope yanarundikwa pembeni, picha zinapigwa. Hakuna gari linalokuja kubeba. Jumanne mvua inanyesha, matope yanarudi mulemule. Jumamosi ijayo tunaanza tena. Watu wametoa mikono, muda na jasho. Hawakuulizwa hata siku moja kanivo ipite wapi, iwe na upana gani, takataka ziende wapi. Kwa masikio ya mtu wa Kadutu, ukisema kushirikiana, anasikia: utatumika bure. Akikataa, tunamwita mtu asiye na akili ya maendeleo.

Kwa hiyo projeti ikija na neno lake zuri, mtu ataligeuza kuwa salongo kabla ya mwezi kuisha. Watu wataitwa kwenye mkutano, wataonyeshwa mchoro uliokwisha chorwa Kinshasa au mbali zaidi, watapewa fanta, watasaini lisiti ya waliohudhuria, na ripoti itasema jamii ilishirikishwa. Tumeona hiyo filamu, tena mara nyingi, kwa maji, kwa barabara, kwa misitu.

Najua pia swali la watu wa nyumbani: sisi wa Idjwi hii inatuhusu nini? Hatuna bomba kubwa la maji machafu hata moja, kutoka Rubenga mpaka Ntambuka. Na tuwe wakweli, uchafu wa Bukavu haupandi kuja kwetu kwa wingi; mji uko pale ziwa linapotokea, maji yanaingia Ruzizi na kushuka Tanganyika, kwa watu wa Uvira na Bujumbura. Kabla ya kufika huko, chupa na sashe zinanasa pale Ruzizi I, sentrali ya 1958, mashine zinasimama, na Bukavu inalala gizani. Mji unatupa takataka zake mtoni na takataka zinauzimia mji taa. Lakini nusu ya familia zetu zinaishi Bukavu. Nanasi na kahawa zetu zinauzwa pale. Watoto wetu wanasoma pale na kunywa maji ya pale. Na Bugarula haitabaki vile ilivyo. Inakua, na siku itakapopata bomba lake la kwanza, tutarudia makosa ya Costermansville au tutafanya namna ingine. Sisi tunachota ziwa kwa bidoni na kunywa. Kwa mtu anayekunywa ziwa, bomba la maji machafu si mambo ya watu wa mjini.

Mwingine atasema nchi iko na vita, wewe unaongea choo. Mtu huyo akumbuke Goma, Julai 1994. Wakimbizi waliofika kando ya ziwa hilihili walikufa kwa makumi ya maelfu katika wiki chache, na wengi waliuawa na kipindupindu na kuhara, si risasi. Wakati wa vita njo maji machafu yanaua zaidi.

Je, kiti cha nne kinawezekana kweli, ama ni ndoto ya watu waliosoma? Mfano ninaouamini kuliko yote haupo karibu nasi. Uko Karachi, Pakistan, kwenye mtaa mkubwa unaoitwa Orangi, uliojengwa bila ruhusa juu ya vilima na mikondo ya maji, kama Kadutu. Mwaka wa 1980 mzee mmoja, Akhtar Hameed Khan, alianza pale projeti ndogo. Hakuleta bomba. Alikwenda kuuliza watu shida yao kubwa ni nini, wakamwambia: maji machafu mlangoni. Kisha akagawa kazi namna ambayo naona ni akili kubwa kuliko resini yoyote. Choo cha ndani na bomba la kichochoro, pale nyumba ishirini au thelathini zinapoungana, ni kazi ya wenyeji: wanachagua mtu wao, wanachanga pesa yao, wanachimba wenyewe, na projeti inawapa mchoro, vipimo, vyombo na mafunzo ya kuchanganya saruji. Bomba kubwa linalokusanya maji ya vichochoro vyote, na mtambo wa kuyasafisha, ni kazi ya serikali. Hakuna mtu anayefanya kazi ya mwenzake.

Angalieni tofauti na salongo. Kule Orangi mtu alichimba bomba linalotoka nyumbani kwake, lililochorwa akiwepo, kwa pesa aliyoihesabu mwenyewe. Gharama ilishuka sana juu faida ya mjenzi na ya wasimamizi iliondolewa na michoro ikarahisishwa. Na muhimu zaidi, likiziba, anajua nani wa kuita, ni yeye.

Lakini sehemu inayonigusa kama mhitimu ni ile ya ramani. Serikali ya Karachi haikutaka kutimiza upande wake; ilisema mabomba makubwa hayapo, lazima yajengwe upya kwa mkopo. Projeti ya Orangi ikachukua vijana wa mitaa, ikawafundisha kupima, na wakaanza kuchora mji, kichochoro kwa kichochoro, mkondo kwa mkondo. Ramani zao zilionyesha kwamba maji machafu ya mji yanapita tayari kwenye mikondo ya asili, na kwamba rahisi ni kuijengea hiyo mikondo kuta na paa palepale ilipo, kuliko kuchimba njia mpya. Mwaka wa 1999 mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia kwa mabomba ya upande wa Korangi ulifutwa, baada ya watu wa Orangi kuonyesha njia yao ya bei ndogo. Someni tena hilo. Vijana wenye kanda za kupimia waliwaokoa wajukuu wao na deni.

Aliyesimamia ramani hizo miaka mingi alikuwa Perween Rahman, mwanamke aliyesomea usanifu wa majengo na kuacha ofisi nzuri. Tarehe 13 Machi 2013 alipigwa risasi akirudi nyumbani. Alikuwa anaandika pia nani anapora viwanja na nani anaiba maji ya mji kuyauza kwa malori. Sisemi hivyo kuwatisha. Nasema ramani ya mabomba si kazi ya watoto wa skuli tu. Ikionyesha bomba linapita wapi, inaonyesha pia kiwanja kilichouzwa juu yake, na nani alisaini.

Karibu zaidi nasi, Nairobi, kuna Mukuru, mtaa wa mabati katikati ya viwanda, wenye familia zipatazo laki moja. Mnamo 2017 kaunti ya Nairobi iliutangaza kuwa eneo la mpango maalum. Muungano wa Wanavijiji, shirika la watu wa mitaa hiyo, ukafanya kazi na vyuo vikuu na wataalamu wa sheria, afya, maji na pesa. Wenyeji walipangwa kwa vikundi kuanzia nyumba kumi (unaona, hata sisi tuko nazo) ili kila mtu asikilizwe kabla ya mpango kuandikwa. Kanuni za upana wa barabara zililegezwa ili nyumba chache zaidi zivunjwe, na mabomba ya maji machafu yakachorwa membamba, yasiyokwenda chini sana, yanayopita vichochoroni. Namna hiyo ya mabomba ilianzia Brazil miaka ya 1980.

Ila Mukuru siisifu yote. Mpango ulikuwa mzuri kuliko utekelezaji, na bomba la kichochoro lina faida gani kama bomba kubwa linalolipokea limeshajaa? Hapo wale mainjeniya wa resini wanarudi na wako na haki: mtu anaweza kushirikisha kila nyumba, lakini kama koo la mji limeziba, maji yatarudi kwa yule wa chini. Kampala wameyaona hayo: mfereji wa Nakivubo unamwaga kwenye ghuba ileile ambayo mitambo ya Gaba inachota maji ya kunywa ya mji, na wamelazimika kujenga mtambo mkubwa pale Bugolobi. Kwa hiyo sitaki mtu aelewe kwamba vijiji na vikundi vinatosha. Serikali ina kipande chake, kikubwa, na hakuna salongo itakayokifanya.

Sasa pesa. Hapa nina wasiwasi, na sijaona watetezi wa kushirikiana wakiujibu kwa nchi kama yetu. Sheria yetu ya masoko ya umma, ya tarehe 27 Aprili 2010, inataka zabuni ya wazi iwe kawaida na mapatano ya moja kwa moja yawe ya nadra. Kushirikiana kunataka kinyume: umchague mjenzi mapema, kwa ujuzi wake, na bei ijulikane baadaye, mkishachunguza bomba. Mahali ambapo hesabu zinawekwa wazi kweli na mwenye bomba ana haki ya kuachana na mjenzi kama bei imezidi, ni jambo la akili. Kwetu, ambako tuna neno zima la kuita asilimia inayorudi mfukoni mwa mkubwa, “opération retour”, bei itakayojulikana baadaye ni mlango ulioachwa wazi usiku. Programu ya siku 100 ya 2019, na makandarasi yake ya “gré à gré”, ilifika mahakamani Kinshasa. Sote tuliifuata kwenye redio.

Kwa hiyo mtu akisema turudi kwa zabuni ya zamani, ninamwelewa. Lakini ninaona zabuni ya zamani nayo inaibiwa, tena kwa urahisi, juu kila nyongeza ya bei ina sababu nzuri: “tumekuta hali ya bomba si ile ya mchoro.” Kinachozuia wizi kwa njia zote mbili ni kitu kimoja, mtu wa tatu anayejua hali ya bomba kabla ya wao kufika. Kama karti iko na ramani yake, yenye tarehe, vipimo na picha, mjenzi hawezi kugundua kwa mshangao kile ambacho watoto wa avenu walikiandika mwaka jana. Hesabu wazi bila mtu mwenye uwezo wa kuzisoma ni mapambo. Mahali pa watu wa mtaa mezani panatoka kwenye karatasi wanayoileta mkononi, na karatasi hiyo sisi tunaweza kuitengeneza.

Na hapa nawaambia waziwazi, wahitimu wa jeografia, wa ujenzi, wa afya ya jamii, wa sheria, mnaokaa na diplomu Bukavu mkingoja kazi ya ONG. Hakuna anayetukataza kuanza. Mto Kawa una kingo mbili. Mtu anaweza kuupanda kutoka ziwani mpaka Kadutu kwa siku chache, simu yenye GPS mkononi, na kuandika kila mfereji unaoingia, upana wake, umejengwa kwa nini, unatoa maji gani jua likiwaka, nyumba ngapi zimekaa juu, nani anauzibua. Mwanasheria aandike karatasi za viwanja zilizopo, bila majina ya watu kwenye nakala ya wazi. Mtu wa afya aongeze mahali watu wanapochota. Idjwi ianze na Bugarula, kabla viwanja vyote vya kando ya njia za maji havijauzwa. Pale kazi ni wiki moja, si mwaka.

Mvua zinarudi mwezi wa tisa. Naanza na swali ambalo wazee wawili wa Kadutu wamenijibu namna mbili tofauti: maji yanayotoka upande wa soko yanapitia wapi mpaka kufika Kawa? Aliye na jibu, au aliye na baba mkubwa aliyejenga pale, aandike hapa chini.